Miyuji Hatujazika Mtu

Mama alikuwa amekaa nyumbani wiki tano bila kugusa nyundo, na aliyemrudisha kwenye mawe ni mimi. Naanza na hilo, maana nikianzia kwingine nitajitetea.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Matokeo yametoka, chuo hakijafunguliwa, na mimi kukaa tu siwezi, nikikaa miguu inacheza yenyewe. Ndo nikapata kibarua kwenye mradi wa vumbi. Pale Miyuji, nyuma ya mtaa wetu, kuna kilima wanachochimba mawe. Chini yake imefungwa mashine ya kusaga kokoto, na pembeni ya mashine wanakaa kina mama na nyundo zao wanagonga yale mawe ambayo mashine haiyataki. Mama yangu mmojawapo. Mwenye mashine alikuwa anataka kuleta ya pili, mtaa ukabishana, basi watu wa mradi wakaja kupima: hili vumbi linaua watu au haliui?

Kazi yangu nyepesi tu. Asubuhi nafuta kile kisanduku cheupe cha kupima vumbi, kimefungwa kwenye nguzo pale ofisi ya serikali ya mtaa, nanakili namba. Siku nzuri inasoma thelathini, arobaini. Siku ya upepo inapita mia mbili. Halafu kila Ijumaa nawazungukia wajumbe na daftari langu nawauliza swali moja.

"Wiki hii mmezika wangapi?"

"Hatujazika mtu."

Naandika sifuri. Mjumbe anayefuata, "Tumezika mmoja, kichanga." Naandika moja. Wa tatu, "Hatujazika mtu, tunamshukuru Mungu." Sifuri.

Daftari nampelekea dada Sabiha. Huyu ndo mwenye hesabu. Mtoto wa mjini kabisa, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki, baba yake anauza vitambaa kule sokoni. Anaongea haraka kama mimi, ndo maana tulielewana. Siku ya kwanza nilimwambia hesabu gani hiyo ya kusomea miaka yote, si unajumlisha tu waliokufa? Akanicheka mpaka miwani ikashuka.

"Watu wanakufa kila siku, Yotham. Kwa joto, kwa malaria, kwa uzee. Mi naiambia kompyuta, toa joto, toa msimu, toa sikukuu. Kinachobaki ndo nakiuliza, we umeletwa na vumbi?"

"Na kikijibu?"

"Kikijibu, mstari unapanda. Kisipojibu, unalala."

Halafu akaniambia kitu ambacho kilinikaa. Kwamba kule kwingine walikopima, vumbi mara nyingi haliui siku ileile. Linasubiri. Upepo unapiga leo, watu wanakula, wanacheka, wanaenda kwaya. Kesho yake kimya. Siku ya pili, siku ya tatu, ndo wanaanza kuanguka, na hapo kila mtu ameshausahau ule upepo.

Lakini mstari wa Miyuji ulilala. Miezi minane ya namba, mingi kabla mi sijapata kibarua, mstari umelala kama mbwa aliyeshiba. Niliuona kwa macho yangu kwenye kompyuta, nikasikia raha, yaani raha kabisa, kama nimefaulu mtihani. Nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa kakaa mlangoni anachambua mchele. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mwezi wa saba, anakohoa kikohozi kikavu, nesi akamwambia akae mbali na yale mawe. Akakaa. Akawa anakaa huku anateseka, maana mama yangu kukaa hajui, mi nimerithi kwake.

"Mama, vumbi lenu haliui mtu."

"Nani kasema?"

"Kompyuta. Dada Sabiha kapiga hesabu, mstari umelala."

Akaniangalia. "Umeuona mwenyewe?"

"Nimeuona mwenyewe."

"Kumbe kina Tereza kule kwenye mawe wananicheka bure, eti nimefungiwa ndani kama mwali."

Kesho yake asubuhi nyundo haikuwepo nyuma ya mlango. Nilijisikia mtu mkubwa, mtu ambaye neno lake linasikilizwa nyumbani.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu ukaja upepo, ule wa mwezi wa tisa, unavuma asubuhi mpaka jioni, anga inakuwa rangi ya tofali. Mashine haikuzimwa. Kisanduku kikasoma mia tatu na arobaini. Sijawahi kuandika namba kubwa hivyo. Mama akarudi nyusi nyeupe, kope nyeupe, tukacheka, nikamwambia umezeeka ghafla. Akakohoa kidogo, akanawa, akapika.

Jumatano dada Sabiha akanituma Haneti.

Haneti ni kilomita kama themanini kaskazini, kwa kina mama yangu. Wapo wakulima na wafugaji, mashine hamna, magari machache, hewa safi. Mradi ulikuwa umekichagua kuwa kijiji cha kulinganisha, na mtendaji wao alikuwa anatuma jumla tu kwa simu kila mwezi. Sasa ile jumla ilikuwa inamkera dada Sabiha.

"Kuna kitu hakinikai," aliniambia. "Haneti hawana vumbi na wanakufa kuliko nyie. Na sio wazee, ni watu wazima wenye nguvu zao. Nenda kanakili daftari lenyewe, jina, umri, tarehe. Gari la mradi linapita huko, litakushusha."

Likanishusha saa nne. Mtendaji anaitwa Ludovick, mtu mnene mcheshi, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana wa vumbi! Mbukwa, mbukwa, tusalimiane kwa lugha ya kwetu. Wewe si mtoto wa Hilda? Mama yako tumecheza naye hapa. Hajambo?"

"Hajambo."

"Haya, mmekuja kutuhesabu." Akatoa daftari kabatini, lile refu la jalada gumu, la vibali vya mazishi. "Ila nyie watu wa mjini mna vituko. Mnatuletea maiti zenu, halafu mnatuuliza mbona tunakufa."

Alisema hivyo huku anacheka, anatafuta kalamu. Na mimi nilicheka. Mdomo wangu ulicheka, halafu ukaacha.

"Maiti gani, mzee?"

"Si hizo zinazokuja na magari? Fungua uone."

Nikafungua. Mwezi wa tano, mwezi wa sita. Majina ya watu wa kijijini, kikongwe, mtoto. Halafu Bartolomayo, miaka hamsini na moja, ameletwa kutoka mjini. Namfahamu. Alikuwa analisha mawe kwenye mashine. Chini yake Elisante, thelathini na nane, ameletwa kutoka mjini. Huyu alikuwa anapakia malori kilimani. Nikageuza karatasi. Mwezi wa nane, Evelina, miaka arobaini na nne.

Mama Evelina. Alikuwa anakaa kwenye mpira wa gari pembeni ya mpira wa mama. Wamegonga mawe pamoja miaka sita.

Na sasa sikiliza. Jeneza la mama Evelina nilibeba mimi. Mimi mwenyewe! Nilikaa nyuma ya lori kutoka Miyuji mpaka Haneti, nimeshika kona ya jeneza lisicheze, kwaya inaimba, vumbi linatupiga. Nikashuka, nikashika koleo, nikazika. Ijumaa ile ile, jioni, nikarudi Miyuji na daftari langu nikamuuliza mjumbe, wiki hii mmezika wangapi, akaniambia hatujazika mtu, nami nikaandika sifuri. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado kwenye viatu vyangu.

Mjumbe hakunidanganya. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu hazikwi ugenini, akifia mjini anarudishwa kwao, na akisharudishwa ni msiba wa kwao. Kule Miyuji hata makaburi ya mtaa ni ya vichanga na wasio na ndugu. Kwa hiyo Miyuji walikuwa wanakufa, Haneti wanahesabiwa. Na mstari ukalala.

Nikatoa simu nipige picha zile kurasa, ya kwanza ikatoka ukungu. Nikapiga tena, kurasa zote, nikamtumia dada Sabiha. Ludovick akaniuliza kuna nini, nikamwambia hamna. Nikatoka nje, nikazunguka ile ofisi, nikazunguka tena. Kuku wakanikimbia.

Nikampigia mama. Ikaita mpaka ikakata.

Baada ya kama saa moja dada Sabiha akapiga. Siku zote akipiga anaanza na utani. Siku hiyo hakuanza nao.

"Yotham, hawa watu kumi na wawili walioletwa. Wote walikuwa wanaishi Miyuji?"

"Tisa nawajua. Wengine watatu sina uhakika."

"Nimewahamisha hao tisa tu, nikawarudisha kwenu kwa tarehe waliyokufa, sio waliyozikwa." Nikasikia anavuta pumzi. "Mstari umepanda."

"Umepanda vipi?"

"Ni watu wachache, sitaki kusema sana, hesabu ya watu wachache inayumba. Na Haneti ni kijiji kimoja tu, wengine wamepelekwa kwao huko sijui wapi. Lakini umepanda, Yotham. Na unapanda siku ya pili na ya tatu."

Jumatatu upepo. Jumanne moja. Jumatano mbili. Nilihesabu kwa vidole, mtu wa kidato cha sita.

"Dada, Jumatatu kisanduku kilisoma mia tatu na arobaini."

Nikaongeza.

"Mama yangu alikuwa kilimani."

"Si ulisema ameacha?"

Nikaanza kutembea kuelekea barabarani, simu sikioni.

"Yotham, nisikilize. Modeli, hii hesabu ya kompyuta, haimjui mama yako. Inajua watu wengi kwa pamoja, haijui nani. Umenielewa? Haisemi nani." Halafu akasema haraka, "Lakini nenda. Nenda sasa hivi."

Gari la mradi lilikuwa limeshapita. Nikasimama barabarani, lori la alizeti likanichukua. Dereva alikuwa muongeaji, ananiuliza mpira, ananiuliza michepuo, mi nampigia mama. Inaita. Inakata. Nampigia tena. Nikaanza kumwambia Mungu mambo ya kijinga, kwamba mama akipokea sasa hivi nitafanya hiki, nitaacha kile. Nikatazama ile barabara nikakumbuka ndo ileile tuliyomsafirishia mama Evelina, ila sasa narudi nyuma, kama mkanda unaorudishwa. Miti ileile. Kilima kilekile. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Akasema kijana, hii ni alizeti, sio ambulansi.

Nilishuka Miyuji nikakimbia moja kwa moja kilimani. Mashine ilikuwa inanguruma. Kina mama wamekaa kwenye mipira yao, kanga puani, nyundo juu, nyundo chini. Mpira wa mama ulikuwa mtupu. Nyundo imelala juu yake.

Tereza, rafiki yake, akaniona. "We Yotham, mbona unakimbia kama umeiba kuku?"

"Mama yuko wapi?"

"Kaondoka toka saa tano. Kasema pumzi inamkataa, anaenda kujinyoosha. Simu yake hii hapa, inalia tu, tumeogopa kuipokea, tukajua ni mdai wake."

Wakacheka. Sikuwachukia. Na mi Jumatatu nilicheka.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa kakaa chini, kaegemea kitanda, mabega yamepanda juu kama mtu anayesikia baridi. Kila pumzi inakwenda fupi, inagonga, inarudi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo midomo haina. Akanyanyua mkono nisiongee. Nikaongea.

"Mama twende."

"Itapita."

"Twende mama, leo ni siku ya pili."

Hakujua ninasema nini. Nilimbeba. Unajua mtu mgonga mawe ni mzito? Mama hakuwa mzito. Hapo ndo niliogopa kuliko kwenye lori.

Kituo cha afya wakambana kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Nesi akakiangalia, akakitoa, akafuta kidole, akakirudisha, kama mimi ninavyofuta kisanduku changu. Themanini na moja, na mtu mzima wa afya anasoma tisini na tano kwenda juu. Akaita mwenzake. Wakaleta mtungi wa oksijeni na ule mpira wa puani, wakaniambia nitoke, sikutoka.

Alhamisi ilikuwa siku ya tatu. Nilikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda chake nikiangalia ile namba. Themanini na nne. Themanini na tatu. Themanini na sita. Mama akafungua macho mchana, akanishika mkono. Viganja vyake kama msasa.

"Yotham. Ikitokea, unipeleke Haneti. Pembeni ya mama yangu."

Kila mtoto anaambiwa maneno haya na kila mtoto anasema ndiyo mama. Mi nilimwona yupo kwenye lile daftari refu, Hilda, arobaini na saba, ameletwa kutoka mjini. Nikamwona mtu mwingine, kijana kama mimi, anapita Miyuji Ijumaa na kalamu, anaambiwa hatujazika mtu.

"Sikupeleki popote," nikasema.

"Mtoto mwenye laana wewe." Lakini alisema taratibu, na ndo mara ya kwanza nikasikia pumzi yake ikifika mwisho wa sentensi.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu ile mashine ya pili. Namba ilikuwa themanini na tisa, Tereza akakaa na mama, mi nikaenda. Mwenyekiti akasimama na karatasi ya zamani ya mradi, ile ya mstari uliolala. Dada Sabiha akanyoosha mkono aseme hesabu imebadilika. Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Wasomi bwana, juzi haliui, leo linaua, kesho litafufua!" Kicheko kikubwa. Mwenyekiti naye akacheka, akasema jamani tusibishane na kompyuta, tujiulize wenyewe. Tangu mwaka uanze hapa Miyuji tumezika watu wazima wangapi?

"Hatujazika mtu," wakajibu. Wengi, kwa sauti moja, na ni kweli.

Sikujua nimesimama saa ngapi.

"Shikamooni. Mi naomba niulize tofauti. Tumesafirisha wangapi?"

Nikasikia mashine kule kilimani, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuisikia hivyo.

"Aliyesafirisha mtu mwaka huu anyooshe mkono."

Mke wa Bartolomayo akanyoosha, kwanza nusu, kama anajikuna kichwa. Halafu mzee mmoja wa Gulwe, aliyempeleka mwanawe kuzikwa huko kwa treni. Halafu mkono mwingine, na mwingine. Waliokuwa mbele waligeuka kuangalia nyuma, waliokuwa nyuma wakaangalia pembeni, na kila aliyegeuka akakuta mkono wa jirani yake uko juu. Aliyetania kuhusu kufufua alinyoosha na yeye. Nilihesabu kwa sauti. Ishirini na mmoja. Dada Sabiha alikuwa anaandika, hakunyanyua uso.

Mashine ya pili imeahirishwa. Ndo neno walilotumia, imeahirishwa. Ya kwanza inasaga kama kawaida.

Mama alitoka Jumapili. Namba tisini na tatu, nesi akamkataza mawe kabisa, kwa ukali, akaniangalia mimi. Nyundo nimeitumbukiza chooni. Mama alipoitafuta nyuma ya mlango na kuikosa hakuniuliza. Haongei na mimi, ananiwekea chakula halafu anageukia ukuta.

Leo ni Jumatatu. Upepo umeanza saa mbili, anga ni rangi ya tofali. Nimefuta kisanduku kikasoma mia mbili na tisini, nikafuta tena nikidhani nimekosea. Nyumba yetu iko hatua mia nne kutoka kwenye mashine, na vumbi halijui nani ameacha kazi. Nimeziba dirisha kwa kanga zake zote. Nimechovya taulo nikaliweka chini ya mlango. Nimekaa hapa nje, mgongo kwenye mlango, kwa mara ya kwanza miguu imetulia.

Ndani mama amekohoa. Mara moja tu.

Kesho moja. Keshokutwa mbili.